Nungwi–Kendwa au Paje–Jambiani? Tazama mwezi kwanza

Ndugu zangu wa bara wakija Unguja huniuliza swali moja kwa namna nyingi: twende tukatembee pwani ipi? Hawataki kupanda mlima wala kubeba mizigo. Wanataka kuvua viatu, kumshika mkono mama au mtoto, na kwenda zao taratibu mpaka mahali pa kukaa na kunywa dafu. Kisiwa kina pwani nyingi za namna hiyo, lakini mara zote mazungumzo huishia kwenye njia mbili: ile ya kutoka Nungwi kwenda Kendwa, kule ncha ya kaskazini, na ile ya kutoka Paje kwenda Jambiani, upande wa kusini mashariki.

Zote mbili ni nyepesi. Hakuna kilima, hakuna ngazi, na huwezi kupotea, maana bahari iko mkono mmoja na minazi iko mkono mwingine. Ndiyo maana anayezilinganisha kwa picha hapati jibu. Kwenye picha zote ni mchanga mweupe na maji ya samawati. Kinachozitenganisha ni jinsi maji yanavyokwenda na kurudi: yanapwa kiasi gani, yanapwa saa ngapi, na yakishapwa yanaacha nini nyuma. Nimezitembea zote mara nyingi, alfajiri na jioni, peke yangu na pamoja na mama yangu ambaye magoti yake hayapendi tena haraka, na sasa kabla sijamwelekeza mtu popote namuuliza kwanza: unakuja tarehe ngapi ya mwezi? Wala si mwezi wa kalenda ya ukutani. Nauliza mwezi ule wa juu.

Kwanza tuyaelewe maji

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika siku moja, na kila siku saa zake husogea mbele kwa kama dakika 50. Hilo wengi wanalijua. Wanalolisahau ni kwamba kupwa kwa wiki hii si sawa na kupwa kwa wiki ijayo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa mstari mmoja, na hapo tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya juu na chini yaweza kufika kama mita 4. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi huvuta kila mmoja upande wake, na tunapata maji mafu: bahari hupanda kidogo na kushuka kidogo, pengine mita 1 tu hivi.

Sasa jambo linalomsaidia mtembeaji. Hapa kwetu bamvua huja na saa zake, na saa hizo hazibadiliki sana mwaka mzima. Siku za bamvua maji hujaa kabisa mnamo saa 10 alasiri, na hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi. Siku za maji mafu mambo hugeuka: yanajaa asubuhi mnamo saa 4, yanapwa mnamo saa 10 alasiri. Anayefuata kalenda ya Kiislamu hahitaji hata simu kulijua hili. Kuanzia mwezi 1 hadi 4, yaani siku ya kwanza hadi ya nne tangu mwezi kuandama, na tena kuanzia 15 hadi 18, hesabu bamvua. Mnamo mwezi 8 hadi 10, na tena 22 hadi 24, hesabu maji mafu. Kwa dakika kamili tazama jedwali la maji kujaa na kupwa, au muulize mvuvi yeyote aliyekaa karibu na ngalawa yake. Yeye hana haja ya jedwali.

Ukishalishika hilo, njia hizi mbili hazifanani tena.

Nungwi hadi Kendwa

Ni mwendo mfupi, kama kilomita 3. Mtu mzima asiye na haraka anautembea kwa dakika 45, na ukiwa na watoto wanaookota kombe kila hatua tano, hesabu saa moja na nusu. Unakwenda kusini na bahari iko mkono wako wa kulia, upande wa magharibi. Huo ndio utajiri wa njia hii: jua linazama baharini mbele ya macho yako, na kwa mbali kidogo kusini unakiona kisiwa cha Tumbatu kikigeuka cheusi. Upande wa mashariki hupati kitu hicho. Kule jua linazama nyuma ya minazi na nyumba za watu.

Nashauri usianze kutembea mara tu unaposhuka kwenye gari. Nungwi ni kijiji cha mafundi wa vyombo, na ufukweni bado wanaunda mashua na majahazi kwa mkono. Simama uangalie mkuku, ule mti wa chini wa chombo, ulivyolazwa, mataruma yalivyosimama juu yake kama mbavu za ng'ombe, fundi na tezo yake akichonga ubao bila mstari wa penseli, mwingine akitoboa kwa keekee. Wanakalafati, yaani wanaziba nafasi kati ya mbao, kwa pamba na mafuta, wakigonga kwa mdundo ambao ukishausikia unabaki masikioni. Ukitaka kupiga picha, toa salamu kwanza, kisha omba. Upande wa mnara wa taa, mahali panapoitwa Mnarani, kuna bwawa la asili lililozungukwa na mawe, maji ya bahari yanaingia na kutoka, na humo wanatunzwa kasa. Watoto wangu hawakutaka kuondoka. Kwa familia, saa moja kabla ya matembezi itumieni hapo.

Njia yenyewe ni mchanga laini, na sehemu kubwa inapita mbele ya mahoteli. Hili wapo wanaolipenda: ukichoka unakaa, ukiona kiu unaagiza, ukitaka choo hakipo mbali. Wengine wanaona hapo si pwani tena, ni ua wa hoteli. Mimi niko katikati. Nikiwa na mama napenda kuwa kiti kiko karibu. Nikiwa peke yangu kelele za muziki hunichosha, na mapapasi wa kuuza safari za boti ni wengi kuliko kusini. Jibu fupi la heshima, "ahsante ndugu yangu, leo natembea tu," linatosha mara nyingi.

Jambo kubwa la njia hii ni majabali. Kati ya Nungwi na Kendwa zipo sehemu ambapo mwamba wa matumbawe unatokeza hadi baharini, chini umeliwa na mawimbi, juu una ncha kali. Maji yakiwa yamepwa unapita mbele yake mchangani bila shida. Maji yakijaa, mchanga huo haupo. Unabaki na chaguo la kuingia majini hadi kiunoni, au kurudi ulikotoka na kuzunguka kwa barabara, au kulipia boti ya kuvuka kipande kidogo ambacho saa chache nyuma ungekivuka kwa miguu.

Na hapa ndipo wageni wanapokosea kuliko mahali pengine popote. Mwezi ukiwa mpevu Kendwa hujaa watu, maana kuna sherehe maarufu za pwani za siku hizo. Wengi wanafikia Nungwi, na jioni wanasema: twendeni kwa miguu kando ya bahari, tuone jua likizama, tufike Kendwa wakati wa magharibi. Lakini mwezi mpevu maana yake ni bamvua, na bamvua maana yake ni maji juu kabisa saa 10 alasiri. Wanaondoka saa ile ile bahari imefika kwenye mwamba. Nilifanya hivyo mwenyewe mwaka mmoja, na mama yangu nyuma yangu akiwa ameinua kanga yake na viatu mkononi. Tulisimama mbele ya jabali tukitazama maji yakipiga, tukarudi. Ilikuwa jioni nzuri, lakini hatukufika, na yeye alikuwa ametembea mara mbili ya uwezo wake kwa ajili ya uzembe wangu wa kutotazama mwezi.

Kwa hiyo anayetaka Nungwi–Kendwa ya jua kuzama achague siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Maji yanakuwa chini mnamo saa 10 au 11, unaondoka Nungwi saa 10 na nusu, unafika Kendwa na muda wa kukaa, jua linazama baada ya saa 12. Uwe tayari kwa jambo moja: siku hizo bahari haishuki sana, kwa hiyo mbele ya baadhi ya majabali utalowa miguu, pengine hadi magoti. Vaa malapa yanayoshika mguu, si yale ya kuteleza. Na giza letu haliji kwa hatua. Jua likishazama una kama dakika 20 za mwanga, basi. Usipange kurudi Nungwi kwa njia ile ile usiku. Rudi kwa gari.

Anayetaka njia iwe kavu na pana kabisa aende asubuhi ya bamvua, saa 3 hadi saa 5. Atapita popote. Jua la kuzama atalikosa, na hilo, nasema kwa moyo mweupe, ni nusu ya thamani ya njia hii.

Paje hadi Jambiani

Hii ni ndefu zaidi, kilomita 6 hadi 7 ukitoka Paje katikati hadi Jambiani katikati, na Jambiani yenyewe ni kijiji kilichojinyoosha kando ya bahari kama kamba ya kuanikia. Unaweza kuwa umeshafika Jambiani na bado ukatembea Jambiani kwa nusu saa. Kwa mwendo wa mama yangu ni saa mbili na nusu pamoja na kusimama.

Ukiniuliza ipi nitaichagua nikipewa moja tu, ni hii. Nitaeleza kwa nini, na nitaeleza pia kasoro zake, maana inazo.

Upande huu mwamba wa nje uko mbali na pwani, zaidi ya kilomita moja, na kati yake na mchanga kuna bahari ya kina kifupi. Siku ya bamvua bahari hiyo yote huondoka. Ulipoona maji ya samawati jana jioni, leo asubuhi ni uwanja: mchanga wenye mistari ya mawimbi, vidimbwi, majani ya baharini, ngalawa zimelala ubavu zikisubiri. Mtu wa bara asiyewahi kuona hili husimama na kuuliza bahari imekwenda wapi. Ipo, ni ule mstari mweupe kule mbele unaonguruma polepole.

Na uwanja huo una watu. Nungwi unatembea ukitazama bahari. Paje unatembea katikati ya watu walio kazini. Kina mama wanashuka na vijiti na kamba kwenda kwenye mashamba ya mwani. Kilimo hiki kilianza kibiashara hapa pwani ya mashariki mwaka 1989, baada ya miaka ya utafiti wa mwani wa Tanzania ambao Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa mstari wa mbele. Wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba, kamba inafungwa kwenye vijiti vilivyopigwa mchangani, na baada ya kama wiki sita wanavuna, wanaanika, wanauza. Nje ya nchi hutolewa humo karajinani, kitu cha kuzitia uzito bidhaa kama dawa ya meno na vyakula. Hapa hapa Paje wapo akina mama wanaotengeneza sabuni ya mwani wenyewe. Aina yenye bei nzuri zaidi, kotonii, imewasumbua sana, kwa sababu maji ya kina kifupi yanapopata joto kupita kiasi inakufa. Wengi wamebaki na spinosum, inayostahimili zaidi lakini inalipa kidogo. Ukilijua hili hutatembea juu ya kamba zao. Ukiona vijiti vimesimama kwa mistari, zunguka. Pale ni shambani kwa mtu, sawa na shamba la mpunga.

Zaidi ya mwani kuna wanaochokoa pweza kwenye mashimo ya mwamba, wanaotoa samaki kwenye madema, na ukiingia Jambiani utaona vilima vidogo vya mawe ufukweni ambavyo mgeni hupita bila kujua. Chini yake kuna makumbi ya nazi. Yanafukiwa hapo kwa miezi mingi ili maji ya chumvi yayaozeshe, kisha yanafukuliwa, yanapondwa, na usumba wake unasokotwa kamba. Mama yangu alikuwa anaifanya kazi hiyo akiwa msichana. Mara ya kwanza nilipompeleka Jambiani alikaa kando ya akina mama waliokuwa wakiponda, nami nikatembea peke yangu, na niliporudi baada ya saa nzima mikono yake ilikuwa ina harufu ya makumbi na hakuwa na haraka ya kuondoka.

Salamu upande huu ni ada ya kupita. Si wingi wa maneno, ni kutopita kama mtu asiyeona watu. Asubuhi moja nilimpita bibi mmoja amejitwika furushi la mwani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Poleni na kazi."

"Tushapoa. Mnakwenda Jambiani? Basi msikae sana huko mbele, maji yashageuka."

Hakuwa na saa mkononi. Nilipogeuka kuangalia nilikotoka, vidimbwi viwili vilikuwa vimeshaungana.

Neno lake ndilo onyo kubwa la njia hii. Kwenye mchanga wa kando huna hatari yoyote, lakini ukivutwa na uwanja ule ukaenda mbali kuelekea mwamba wa nje, jua kwamba maji hayarudi kwa mstari ulionyooka mbele yako. Yanaingia kwanza kwenye mifereji, na mifereji mingine iko nyuma yako, kati yako na pwani. Anayetaka kwenda hadi mwambani aende na mwenyeji, aanze kabla maji hayajafika chini kabisa, na ageuke mara tu yanapogeuka. Avae viatu vya majini. Kwenye vidimbwi kuna wale viumbe weusi wenye miiba mirefu kama nungunungu, na mwiba wake ukivunjikia mguuni hutembei tena siku hiyo. Kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye umbo la nyota, na jongoo bahari watazame bila kuwaokota.

Kasoro sasa. Ya kwanza ni jua. Maji yanayopwa vizuri yanapwa saa 4 asubuhi, na saa 4 hadi saa 6 ndiyo saa ambayo mchanga mweupe unakuchoma kutoka chini na jua linakuchoma kutoka juu. Kivuli hakuna, minazi iko ndani ya viambo. Dawa yake ni kwenda siku moja au mbili kabla ya bamvua kukolea, mwezi 13 au 14, ambapo maji hufika chini mnamo saa 2 na nusu au saa 3. Unaanza Paje mara baada ya jua kutoka, wakati maji bado yanaondoka, na unatembea ukiyafuata. Kwangu hiyo ndiyo saa bora kuliko zote katika kisiwa kizima.

Ya pili ni kwamba huogelei. Maji yakiwa yamepwa, kuogelea Paje ni kutembea kilomita moja ili kulowa magoti. Nungwi na Kendwa bahari haikimbii mbali, unaweza kujitosa karibu saa yoyote. Kama safari yenu ni ya watoto wanaotaka maji na hawataki hadithi za mwani, hapo Kendwa inashinda bila ubishi.

Ya tatu ni kaiti. Paje ni pahala pa wanaovutwa juu ya maji na tiara kubwa, na upepo ukiwa mzuri maji yakijaa, wanakuwa wengi. Nyuzi zao ni nyembamba na zina nguvu. Usipite kati ya mtu na tiara yake iliyolazwa mchangani, pita nyuma yake. Ukishavuka Paje kuelekea kusini wanapungua.

Magoti, watoto na njia ya kutokea

Kwa mwenye maumivu ya magoti wengi hudhani njia fupi ndiyo nyepesi. Nami nilidhani hivyo. Mama yangu alinifundisha vingine. Ufukwe wa Nungwi na Kendwa una mteremko, na mchanga wake ni laini mguu unazama. Maji yakiwa juu unalazimika kutembea sehemu ya juu yenye mteremko, mguu mmoja chini na mmoja juu, na baada ya nusu saa nyonga inauma. Mchanga wa Paje maji yakiwa yamepwa ni mgumu na bapa kama sakafu, watu wanaendesha baiskeli juu yake. Alitembea kilomita 5 pale akilalamika jua tu.

Kisha kuna suala la kuacha njia katikati. Paje hadi Jambiani barabara inakwenda sambamba na bahari, mita mia chache ndani. Ukichoka popote unakata kupitia kijijini, unatokea barabarani, unasubiri daladala. Nungwi hadi Kendwa hakuna urahisi huo. Katikati una mahoteli na majabali, na hata ukifika Kendwa, kutoka ufukweni hadi barabara kuu ni mwendo mwingine wa jua kali au gari la kukodi. Kutoka mjini, daladala namba 116 ndiyo ya Nungwi, na 309 ndiyo ya Jambiani. Zote zinatumia muda mrefu, kila upande ni zaidi ya kilomita 50, kwa hiyo anayetaka alfajiri alale huko huko usiku wa kuamkia.

Mavazi nayataja kwa sababu ya njia zenyewe. Kendwa unapita mbele ya wageni wenzako. Jambiani unapita mbele ya nyumba, skuli na msikiti. Kanga moja begani na nyingine kiunoni haziongezi uzito wowote, na utajibiwa salamu kwa uso mwingine kabisa.

Upepo

Mwezi ukikuambia siku, upepo ukuambie uanzie upande gani. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, kuanzia Juni hadi Septemba, pwani ya mashariki inapigwa usoni. Anzia Jambiani uende Paje, upepo uwe mgongoni. Wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, Desemba hadi Machi, anzia Paje. Nimeona watu wakitembea kilomita zote zile wakipambana na mchanga machoni kwa sababu tu gari liliwashusha mwisho usio sahihi. Wakati wa kusi pia majani ya bahari hurundikana kwenye ufukwe wa mashariki na yananuka kidogo yakikauka. Upande wa Kendwa umekingwa zaidi na miezi hiyo ni mtulivu. Masika, kati ya Machi na Mei, pande zote mbili ni bahati yako.

Kwa asiyetaka kufikiria mambo haya ya mwezi na upepo hata kidogo, ipo njia ya tatu ambayo si ya mchangani: daraja la mbao la kutembelea kwenye mikoko ya Pete, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Ni fupi, ina kivuli, unatembea juu ya mizizi na kaa, na msituni jirani unawaona kima punju, ambao duniani kote hupatikana kwenye visiwa vyetu tu. Kuna kiingilio. Nzuri sana kwa saa 6 mchana, njiani kuelekea Paje. Lakini si matembezi ya siku nzima, na bahari yenyewe huioni.

Basi uchague vipi

Fungua kalenda, tafuta mwezi. Kama siku zako zinaangukia mwezi mchanga au mwezi mpevu, nenda Paje, ulale pale, uamke na adhana. Kama zinaangukia mwezi nusu, nenda Nungwi, upitie kwa mafundi wa vyombo alasiri, uondoke kuelekea Kendwa saa 10 na nusu. Anayeng'ang'ania kinyume chake atatembea, ndiyo, lakini Paje ya maji mafu ni ufukwe wa kawaida wenye upepo, bila uwanja ule na bila akina mama wa mwani, maana nao wanashuka kwa hesabu hiyo hiyo ya bamvua. Na Kendwa ya bamvua jioni nimeshakueleza inaishia wapi.

Ukiwa na wiki nzima una bahati, kwa sababu kutoka bamvua hadi maji mafu ni kama siku saba. Anza na ile inayolingana na mwezi wa siku ya kufika kwako, malizia na nyingine. Safari ijayo mama yangu na mimi tunafika mwezi 14. Ameshaniambia nisimtafutie chumba kaskazini kwanza. Anataka kuamka Jambiani, maji yakiwa yanaondoka, aone kama wale akina mama wa makumbi bado wako pale pale.